Somo la 'Signals' chuoni na ukimya wa mtoto nyumbani

Wazazi wengi wenye mtoto anayesomea uhandisi chuo kikuu waliyajua masomo yake ya sekondari kwa majina. Hisabati, fizikia, kemia: hayo waliyalipia tuisheni, waliyaona kwenye ripoti za kila muhula, na matokeo ya kidato cha sita yalipotoka walijua pa kushangilia. Chuoni mambo hubadilika. Majina ya masomo huwa marefu na ya Kiingereza, matokeo huonekana kwenye akaunti ya mwanafunzi mwenyewe, na mzazi hubaki na swali moja la kuuliza kwenye simu: "Masomo yanaendaje?" Jibu nalo huwa moja: "Yanaenda vizuri, mama."

Jibu hilo huweza kuwa la kweli mpaka mwaka wa pili au wa tatu, linapofika somo ambalo kwa Kiswahili ni ishara na mifumo, na wanafunzi wenyewe hulifupisha wakaliita 'Signals'. Husomwa na wanafunzi wa uhandisi wa umeme, elektroniki, mawasiliano ya simu na kompyuta. Ni somo linalojulikana kwa kuwakamata hata vijana waliozoea kuongoza darasa. Kwa baadhi yao huwa ndiyo mara ya kwanza maishani kufeli mtihani, na kijana ambaye hajawahi kufeli hajui aanzie wapi kumwambia mama yake kwamba amefeli.

Hapo ndipo hatari ilipo. Somo lenyewe linaweza kurudiwa na likafaulu. Miezi ya ukimya hairudiwi. Kijana anaona aibu, anaficha, anaendelea kupokea hela ya matumizi, na familia inakuja kujua mambo yakiwa yameshafika pabaya. Mzazi hahitaji kujua hesabu za somo hili ili amsaidie mwanawe. Anahitaji kujua linahusu nini, kwa nini ni gumu, na aulize nini.

Somo lenyewe linahusu nini

Ishara ni kitu chochote kinachobadilika na kubeba taarifa. Sauti ya mtu ni ishara, mapigo ya moyo ni ishara, joto la mchana kutwa ni ishara, hata bei ya nyanya sokoni wiki hadi wiki ni ishara. Mfumo ni kitu kinachopokea ishara moja na kutoa nyingine. Spika hupokea umeme ikatoa sauti. Shokapu za gari hupokea tuta la barabarani zikatoa mtikisiko anaousikia abiria. Shokapu nzima humtikisa abiria mara moja ikatulia. Iliyochoka huendelea kurusha gari juu chini hadi mbele ya safari. Fundi wa mtaani anayebonyeza kona ya gari na kuangalia linarudi vipi anafanya kile ambacho mwanafunzi wa somo hili hufundishwa kukiandika kwa hesabu: upe mfumo pigo moja, kisha utazame unavyojibu.

Kutoka hapo somo hupanda hatua moja. Ukishajua mfumo unavyojibu pigo moja, unaweza kutabiri utakavyojibu ishara yoyote. Mfano mzuri ni kanisa kubwa au ukumbi wenye kuta tupu. Mtu akipiga kofi moja, mwangwi hurudi, unafifia, unaisha. Mhubiri akizungumza, kila silabi ni kama kofi lenye mkia wake wa mwangwi, na mikia hiyo hupandana. Waumini wa nyuma husikia jumla ya mikia yote, ndiyo maana akizungumza haraka hawamwelewi. Hesabu ya kujumlisha mikia hiyo huitwa konvolusheni. Mzazi akisikia kwamba mtoto wake "amekwama kwenye konvolusheni", ajue amekwama hapo.

Sehemu nyingine kubwa inahusu kupima. Kila mzazi aliyepeleka mtoto kliniki anaijua kadi yenye mstari wa ukuaji. Mtoto hapimwi uzito kila dakika; hupimwa mara moja kwa mwezi, nukta zikaunganishwa, na mstari ukaonyesha anavyokua. Kama angepimwa mara moja kwa mwaka, angeweza kuugua, akakonda, akapona na kunenepa tena bila kadi kuonyesha chochote. Swali ambalo wahandisi walilazimika kulijibu ni hili: ni mara ngapi inatosha?

Jibu lilipatikana kupitia kazi za watu kama Harry Nyquist mwaka 1928 na Claude Shannon mwishoni mwa miaka ya 1940. Kwa maneno mepesi, ni lazima upime zaidi ya mara mbili ya kasi ya badiliko lililo la haraka kuliko yote katika ishara unayoitaka. Simu za kidijitali za kawaida hupitisha sauti ya mtu hadi mitetemo kama 3,400 kwa sekunde, kwa hiyo huipima mara 8,000 kila sekunde. Sikio la binadamu husikia hadi mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, kwa hiyo CD ya muziki hupima mara 44,100. Ukipima pungufu ya hapo, taarifa haipotei tu, hudanganya. Ndiyo sababu kwenye filamu gurudumu la gari linalokwenda mbele kwa kasi huonekana linazunguka kinyumenyume: kamera haikupiga picha za kutosha.

Kwa nini huwakamata wenye akili

Sababu ya kwanza ni kwamba madeni yote ya hesabu hudaiwa hapa kwa pamoja. Kalkulasi ya mwaka wa kwanza, trigonometria ya kidato cha tano, namba changamano zinazotokana na kipeuo cha pili cha hasi moja, vyote vinatakiwa siku moja kwenye swali moja. Aliyepita mada hizo kwa kukariri huwa hajui kwamba ana deni mpaka hapo.

Sababu ya pili ni kwamba somo humtaka mwanafunzi aangalie kitu kilekile kwa jicho jingine. Miaka yote amezoea kuona mambo yakibadilika kwa muda: saa moja, saa mbili, saa tatu. Sasa anaambiwa aione ishara kwa masafa, yaani kwa mitetemo iliyomo ndani yake. Mwalimu wa kwaya hufanya hivyo kila Jumamosi jioni. Wanakwaya 30 wanaimba kwa pamoja, sauti inatoka moja, naye ananyoosha kidole kwa waimba besi: nyinyi mmeshuka. Sikio lake limeitenganisha ile sauti moja katika sehemu zake. Kondakta anayepandisha besi kwenye redio ya daladala naye anaongeza mitetemo mizito na kuiacha myembamba kama ilivyo. Mwanafunzi hutakiwa kufanya hivyo kwa kalamu na karatasi, kwa ishara yoyote ile.

Njia hiyo ilitokana na Joseph Fourier, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1768, mtoto wa fundi cherehani aliyefiwa na wazazi wote wawili akiwa bado mdogo. Mwaka 1807 alipeleka kazi yake juu ya joto kwa wanasayansi wakubwa wa Paris. Lagrange, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa zama zile, aliikataa. Laplace, ambaye jina lake wanafunzi hukutana nalo katika somo hilihili, naye alikuwa miongoni mwa walioteuliwa kuikagua. Kitabu cha Fourier kilitoka mwaka 1822, miaka 15 baadaye. Jambo lililowasumbua watu wa kiwango hicho linaweza kumsumbua kijana wa miaka 21 aliyepewa wiki mbili kulielewa kabla ya jaribio. Kutolielewa mara ya kwanza hakuna maana kwamba hana akili.

Sababu ya tatu ni mnyororo. Kuna masomo ambayo mwanafunzi akikosa mada moja anaweza kupata alama kwenye nyingine. Hili halina huruma hiyo. Asiyeelewa konvolusheni hataelewa vichujio vinavyofuata, na asiyeelewa Fourier atapotea kwenye Laplace. Mwanafunzi aliyeugua malaria wiki mbili, au aliyekosa vipindi kwa kuhangaikia ada, anaweza kurudi darasani akakuta kila neno ni jipya. Asipouliza wiki hiyo, wiki inayofuata huona aibu zaidi kuuliza.

Ya nne ni mazoea ya kusomea mitihani iliyopita. Sekondari njia hiyo iliwapeleka wengi mbele: maswali ya miaka kumi, majibu yake, basi. Kwenye somo hili mwalimu akibadilisha umbo la ishara kidogo tu, jibu la kukariri halifanyi kazi tena.

Sapu, keri na disko

Mzazi anayesikia maneno haya kwa mara ya kwanza siku ya matokeo huchanganyikiwa bure. 'Sapu' ni mtihani wa marudio anaopewa aliyefeli somo. 'Kukeri' ni kuendelea na mwaka unaofuata huku somo lililofeliwa likibebwa ili lifanywe tena. 'Kudisko' ni kuondolewa masomoni kwa sababu ya matokeo. Umbali kati ya neno la kwanza na la tatu ni mkubwa, na wazazi wanaosikia sapu wakadhani ni kufukuzwa huwafanya watoto waogope kuisema hata hiyo sapu.

Kila chuo kina kanuni zake za idadi ya masomo yanayoweza kurudiwa, wastani unaotakiwa na muda wa juu wa kukaa masomoni. Kanuni hizo zimeandikwa kwenye kitabu cha chuo na mwanafunzi anazo. Mzazi ana haki ya kumwomba mwanawe amfungulie ukurasa huo wausome pamoja. Kama anasoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo, jambo la kuuliza mapema ni hali ya mkopo itakuwaje iwapo atalazimika kurudia mwaka. Swali hilo likiulizwa wakati bado kuna sapu mbele, kuna cha kufanya. Likiulizwa bumu ikiwa imeshakatika, kinachobaki ni kukopa kwa jirani.

Likizo ndefu nyumbani

Mara nyingi maandalizi ya sapu huangukia likizo, kijana akiwa nyumbani. Hapa ndipo familia inaweza kumfaulisha au kumfelisha bila kujua.

Kwa macho ya nyumbani, mwanafunzi aliyerudi ni mikono ya ziada. Duka linahitaji mtu, shamba linahitaji mtu, wadogo zake wanahitaji tuisheni. Kijana ambaye hajasema kwamba ana sapu hawezi kukataa kazi, kwa sababu hana sababu ya kutoa. Anauza duka hadi saa nne usiku, anafungua daftari akiwa hoi, anasinzia. Anarudi chuoni na ujinga uleule alioondoka nao, kisha anafeli tena.

Kwa binti hali huwa nzito zaidi. Kaka yake akisema anasoma, huachwa asome. Yeye akishika daftari huitwa jikoni, akitoka jikoni kuna nguo za kufua, akimaliza kuna mtoto wa dada wa kubebwa. Mabinti si wengi katika madarasa ya uhandisi, na aliyefika huko alifika kwa kupambana na mambo hayohayo. Familia iliyojivunia picha yake ya kujiunga na chuo inadaiwa saa zake za kusoma.

Kinachohitajika ni kidogo na kinajulikana: saa tatu za asubuhi, kila siku, ambazo hakuna anayeruhusiwa kumwita. Asubuhi kwa sababu somo hili halisomeki na kichwa kilichochoka. Kila siku kwa sababu linaeleweka kwa kufanya maswali mengi madogo mfululizo. Kazi za nyumbani zifuate baada ya hapo, na hakuna ubaya kuzifanya.

Vitabu, kompyuta na msaada wa bure

Mzazi huweza kuombwa kompyuta ya bei kubwa kwa sababu ya somo hili. Ni kweli kwamba wanafunzi hutumia programu ya MATLAB kuchora ishara na kujaribu vichujio. Ni kweli pia kwamba ipo programu ya bure iitwayo GNU Octave inayotumia karibu lugha ileile, na lugha ya Python nayo ni ya bure. Kwa mazoezi ya kiwango hiki, kompyuta ya kawaida, hata iliyotumika, inatosha. Mzazi anayeambiwa kwamba bila mashine mpya mtoto hawezi kufaulu anaweza kuuliza kwa upole: Octave umeijaribu?

Kitabu kinachojulikana sana cha somo hili kiliandikwa na Alan Oppenheim na Alan Willsky wa chuo cha MIT nchini Marekani, toleo la kwanza likatoka mwaka 1983. Mihadhara ya Oppenheim mwenyewe, iliyorekodiwa mwaka 1987, imewekwa na MIT kwenye intaneti bure. Hesabu hizi hazijazeeka. Gharama inayobaki ni bando, na bando la kuangalia mihadhara hiyo ni hela ndogo kuliko ada ya mwaka wa kurudia. Mzazi asiyejua mtoto anatumia bando kwa nini anaweza kukaa naye nusu saa waangalie pamoja, hata kama hataelewa kitu.

Kuna msaada mmoja ambao mzazi yeyote anaweza kuutoa, hata aliyeishia darasa la saba. Mtoto amefundishwa kwa Kiingereza na atajibu mtihani kwa Kiingereza. Akiombwa aeleze kwa Kiswahili konvolusheni ni nini, au kwa nini simu hupima sauti mara 8,000 kwa sekunde, hawezi kujificha nyuma ya maneno ya kukariri. Akimweleza bibi yake hadi bibi akaelewa, basi ameelewa. Akianza kugugumia, wote wawili wamejua pa kurudi kusoma.

Maneno ya siku ya kwanza

Siku kijana anaposema kwamba amefeli, maneno ya kwanza ya mzazi huamua kama atasema mengine. "Ng'ombe wangu wawili nimewauza kwa ajili yako" ni maneno ya kweli, na kijana anayajua. Aghalabu ndiyo yaliyomfanya anyamaze. "Mwenzako wa jirani mbona amefaulu" hayampi pa kuanzia. Maswali matatu humpa pa kuanzia: mada ipi iliyokushinda, sapu ni lini, na nani anaweza kukusaidia? La tatu ni muhimu kwa sababu wengi hawajawahi kugonga mlango wa mwalimu wao wala kujiunga na kikundi cha kusoma. Mwalimu mwenyewe, wasaidizi wake wa maabara, wanafunzi wa mwaka wa juu waliofaulu somo hilo: hao wapo, na wengi husaidia wakiombwa.

Pia kuna dalili zisizohusu alama. Kijana aliyekuwa mchangamfu anaacha kupokea simu. Halali, au analala mchana kutwa. Hali chakula. Anasema hana faida, au kwamba wengine wangekuwa na nafuu bila yeye. Maneno ya namna hiyo hayajibiwi kwa ukali wala kwa mzaha. Mzazi aende alipo, amkalie karibu, na ahakikishe anamwona mshauri wa wanafunzi chuoni au daktari hospitalini bila kusubiri matokeo ya sapu.

Wapo pia ambao baada ya kurudia wataona kwamba uhandisi wa umeme hauwafai. Kuhamia kozi nyingine, au kwenda kusoma stashahada ya ufundi, ni njia halali, na nchi inahitaji mafundi wazuri. Uamuzi huo ukifanywa mezani na familia, kijana huondoka na heshima yake. Ukifanywa gizani, huishia kwa kijana anayetoka nyumbani kila asubuhi na mkoba wa vitabu akienda pasipojulikana.

Na kwa wanaovuka, somo hili linawafikisha mbali. Moyo wa mgonjwa hutoa umeme mdogo mno, wa milivolti chache tu unapopimwa kwenye ngozi. Nyaya za umeme wa gridi zilizo ukutani huvuma mizunguko 50 kila sekunde, na mvumo huo huingia kwenye kipimo ukachafua mstari. Mtu fulani, mahali fulani, alikaa akajifunza Fourier, akatengeneza kichujio kinachouondoa mvumo wa 50 na kuacha mapigo ya moyo. Daktari akiangalia karatasi hiyo leo, anaona moyo peke yake.

Kadi ya kliniki ilifanya kazi kwa sababu mtoto alipimwa kila mwezi, si kwa sababu mama alikuwa daktari. Simu ya mara moja kwa muhula inayouliza "masomo yanaendaje" ni kipimo kimoja kwa miezi minne. Wiki hii mzazi anaweza kupiga simu na kuuliza kitu kimoja tu kidogo: "Wiki hii mmefundishwa nini kwenye Signals?" Halafu asikilize, na wiki ijayo aulize tena.